Dhahabu na Akiba ya Uzeeni

Mwezi Machi mwaka 2025 bei ya dhahabu katika masoko ya dunia ilivuka dola 3,000 kwa wakia moja, na kabla nusu ya mwezi Oktoba wa mwaka huohuo haijafika ikawa imevuka dola 4,000. Habari za namna hii hazikai London na New York zilikozaliwa. Zimepanda milima ya Tukuyu na kuteremka hadi kwetu Kyela, na katika kata ya Busale, ambako mazungumzo ya kawaida ni kakao, mpunga na mvua, si ajabu kumsikia mstaafu akiuliza kama si busara kuitoa benki fedha yake ya kiinua mgongo na kuigeuza dhahabu. Swali hilo ni la haki, na lastahili jibu la heshima. Wapo wanaolijibu kwa kicheko. Wapo pia wanaolijibu kwa kumtolea mzee kipande cha njano kilichofungwa katika kitambaa. Sisi hatuafiki jibu la kwanza wala la pili.

Dhahabu si ngeni katika pembe hii ya nchi. Katika miaka ya 1930, machimbo ya Lupa huko Chunya yalipokuwa yamepamba moto, vijana wa Unyakyusa walikuwa wakivuka Mbeya kwenda kuchimba na kubeba mchanga kwa ujira, ili warudi na fedha ya kodi na ya ng'ombe wa mahari. Walichorudi nacho hakikuwa dhahabu bali shilingi chache. Dhahabu yenyewe ilikwenda ng'ambo. Hivyo mjukuu wao anapotaka leo aishike hata gramu chache za mali ile ambayo babu yake aliibeba kwa kichwa tu, hatuoni sababu ya kumcheka.

Isitoshe, mashaka ya wazee wetu juu ya fedha ya karatasi hayakuanguka kutoka mbinguni. Mfanyakazi aliyeanza kukatwa mshahara wake ulipoanzishwa mfuko wa NPF mwaka 1964 aliahidiwa kwamba atakapostaafu atarudishiwa akiba yake pamoja na riba. Ahadi ilitimizwa kwa tarakimu, lakini haikutimizwa sokoni. Katika miaka ya 1980 bei za vitu zilipanda kwa kadiri ya asilimia 30 kwa mwaka; na dola ambayo mwaka 1980 ilipatikana kwa shilingi zisizozidi kumi, mwaka 1990 ilihitaji karibu shilingi mia mbili. Wapo waliopokea mwishoni mwa utumishi wao fedha ambayo, kama wangeipokea walipokuwa wakiiweka, ingewajengea nyumba, lakini sasa ikatosha mabati tu. Sheria ya mwaka 1997 iliyouondoa NPF na kuleta NSSF, wenye kulipa pensheni ya kila mwezi, ilikuwa na maana kubwa kwa sababu hiyo. Lakini kumbukumbu ya akiba iliyoyeyuka haiondolewi kwa sheria, na anayewaambia watu waliopitia hayo kwamba karatasi haina hatari hatasikilizwa.

Basi dhahabu ina nafasi yake. Haichapishwi na serikali yoyote, haiozi, na nchi inapoharibikiwa na fedha yake hiyo hubaki. Wanaoisifu hukomea hapo, nasi hatuna budi kuendelea mbele kidogo.

Mwezi Januari mwaka 1980 wakia moja ilifika dola 850. Dunia ilikuwa na hofu, kama ilivyo na hofu mara nyingi, na waliokimbilia dhahabu waliambiwa kuwa bei hiyo haitarudi nyuma. Mwaka 1999 ilikuwa imeteremka hadi kiasi cha dola 250. Ilirudi 850 mwaka 2008. Mtu aliyeinunua siku ile ya kilele akiwa na umri wa miaka 32, mwenye nguvu na watoto wadogo, alifikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma hapa kwetu, ndipo akaiona tena bei aliyonunulia. Na dola 850 za mwaka 2008 hazikuweza kununua hata nusu ya vile ambavyo dola 850 za mwaka 1980 zilinunua. Kati ya mwaka 2011 na mwisho wa 2015 jambo kama hilo lilijirudia kwa ufupi, bei iliposhuka kutoka zaidi ya dola 1,900 hadi karibu 1,050. Katika miaka hiyo yote dhahabu haikuzaa hata senti moja, maana dhahabu hailipi riba, haina kodi ya pango, wala haizai kama mgomba. Humlisha mwenyewe siku anapoiuza tu.

Kwa mtazamo wetu, swali la mstaafu halipaswi kuwa ni dhahabu au si dhahabu. Swali ni kiasi gani, na zaidi ya hapo, afanye nini kiasi hicho kinapobadilika chenyewe bila yeye kunyoosha mkono. Hili la pili ndilo lisilosemwa, na ndilo linaloamua mambo.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyestaafu na kurudi nyumbani Busale na mkupuo wa shilingi milioni 40. Tuseme amefikiri vizuri, akaamua kwamba sehemu moja ya kumi, yaani milioni 4, iwe katika dhahabu, na milioni 36 zilizobaki ziwe katika hati fungani za Serikali, vipande vya mfuko wa pamoja, na shamba. Miaka michache inapita na bei ya dhahabu inaongezeka maradufu, mali nyingine zikibaki pale pale kwa ajili ya hesabu yetu. Dhahabu yake sasa ni milioni 8 katika milioni 44. Mwalimu hakununua hata gramu moja zaidi, lakini fungu lake la dhahabu limetoka asilimia 10 hadi zaidi ya 18. Amekuwa mtu mwingine bila kujua. Uamuzi alioufanya akiwa ametulia umebadilishwa na soko, na soko halikumwuliza.

Kusawazisha maana yake ni kuurudisha uamuzi ule. Atauza dhahabu ya milioni 3.6, abaki na milioni 4.4, ambayo ni sehemu ya kumi ya mali yake mpya, na fedha aliyopata ataiweka kwenye yale mafungu mengine. Ni kazi chungu. Humtaka mtu auze kitu ambacho kila mmoja anakisifu, na anunue kile ambacho hakuna anayekitaja. Na siku dhahabu itakapokuwa imeshuka, utaratibu uleule utamtaka anunue kidogo wakati jirani zake wanaitupa.

Hebu tuendelee na hesabu. Bei ikianguka kwa nusu baada ya hapo, mwalimu aliyesawazisha atakuwa na milioni 41.8, na yule aliyeshikilia dhahabu yake yote atakuwa na milioni 40, amerudi alikoanzia. Tofauti ni milioni 1.8. Lakini haki itendeke kwa pande zote: bei ikipanda kwa nusu tena badala ya kushuka, aliyesawazisha atakuwa na milioni 46.2 na mwenzake milioni 48. Tofauti ni milioni 1.8 ileile. Kwa hiyo anayedai kwamba kusawazisha ni njia ya kutajirika anadanganya, sawa na anayedai kwamba kushikilia ni ushujaa. Kwenye karatasi mizani iko sawa kabisa.

Haiko sawa katika maisha ya mzee. Kijana aliyepoteza milioni 1.8 ana mshahara wa mwezi ujao, ana mgongo wa kulima, ana miaka ya kusubiri. Mstaafu hana mwajiri mwingine. Milioni 1.8 alizozikosa zitamnyima bati jipya au safari, lakini milioni 1.8 alizokuwa nazo zikapotea zaweza kuwa ndizo dawa za shinikizo la damu za mwaka mzima na ada ya mjukuu. Hii ndiyo sababu ya sisi kuona kwamba akiba ya uzeeni yapasa kupunguzwa inapovimba upande mmoja, hata kama aliyeipunguza ataonekana mjinga kwa msimu mmoja au miwili.

Tena mkulima wa Kyela hahitaji kwenda Chunya ili aelewe jambo hili. Mwaka 2024 kakao ilivuka dola 10,000 kwa tani katika masoko ya dunia, na katika minada ya stakabadhi ghalani hapa wilayani kilo moja ikavuka shilingi 20,000, bei ambayo hakuna mzee wa Busale aliyewahi kuiota. Hadi mwisho wa mwaka 2025 bei ya dunia ilikuwa imeshuka kwa karibu nusu kutoka kilele chake cha Desemba 2024. Aliyeigeuza sehemu ya neema ile kuwa ng'ombe, nyumba ya kupangisha au hati fungani alikuwa akisawazisha, ingawa neno hilo hakulijua. Aliyeirudisha yote kwenye miche zaidi ya kakao aliongeza mzigo juu ya bega lilelile. Na tukumbuke kuwa mwaka huo wa 2025, kakao ilipokuwa ikishuka, dhahabu ilikuwa ikipanda. Mwenye shamba la kakao ana sababu njema ya kutaka mali isiyotembea pamoja na kakao. Ana sababu hiyohiyo ya kutoiacha nayo ikawa bwana wa nyumba.

Tatizo ni namna ya kuishika. Wakia moja ina gramu 31.1, na kwa bei ya dola 4,000 na thamani ya shilingi ya Oktoba 2025 ilikaribia shilingi milioni 10. Fungu la mwalimu wetu la milioni 4 lisingempatia hata nusu ya wakia. Anahitaji vipande vya gramu moja moja au mbili mbili, vyenye chapa inayoaminika, ili siku ya kupunguza auze viwili na kubaki na kumi. Mkufu hauwezi kukatwa hivyo. Aliyenunua mkufu amemlipa sonara ujira wa ufundi wake, na siku ya kuuza hupimiwa uzito tu. Ujira umebaki dukani. Mapambo ni mapambo, na mama anayeyahifadhi kwa ajili ya binti yake anafanya jema, lakini asiyaite pensheni.

Dhahabu ghafi nayo ni mtego mbaya zaidi. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haimruhusu mtu asiye na leseni kumiliki madini, na mstaafu atakayekutwa na punje za Chunya chini ya godoro hatasaidiwa na kusema kwamba ni akiba yake ya uzeeni. Soko la madini lililofunguliwa Chunya mwaka 2019 liliwekwa ili mchimbaji auze kwa mizani ya haki na kwa mnunuzi mwenye leseni. Halikuwekwa kwa ajili ya mwalimu kutoka Busale mwenye bahasha. Na huyo mwenye kipande katika kitambaa, anayemfuata mzee hadi kibarazani, mara nyingi hauzi dhahabu kabisa, anauza shaba iliyong'arishwa. Tunasikitika kwamba wazee waliofundisha hesabu kwa miaka thelathini wanatapeliwa kwa hesabu isiyokuwapo.

Kwingineko wametafuta njia. Huko Marekani sheria ya mwaka 1997 ilipanua ruhusa ya kuweka vipande halisi vya dhahabu safi katika akaunti ya mtu binafsi ya kustaafu, kwa sharti kwamba vitunzwe na mdhamini aliyekubaliwa na si kabatini kwa mwenyewe. Ndani ya akaunti hiyo mtu anaweza kupunguza na kuongeza bila kutozwa kodi kila anaposawazisha. Karibu na kwetu, Benki Kuu ya Zimbabwe ilitoa sarafu za dhahabu mwezi Julai 2022, na ilipoona kwamba wakia nzima ni mzigo kwa mtu wa kawaida, ikatoa mwezi Novemba za nusu, robo na sehemu ya kumi ya wakia. Hatusemi kwamba Zimbabwe ilitibu maradhi ya fedha yake kwa sarafu hizo. Tunasema kwamba kipande kidogo chenye chapa ya Benki Kuu kinawezekana. Mjini Nairobi, tangu mwaka 2017 ziliorodheshwa katika soko la hisa hati za NewGold, ambazo kila moja huwakilisha sehemu ya dhahabu iliyomo ghalani, na mtu huweza kuziuza chache bila kubeba kitu mfukoni.

Sisi ni miongoni mwa nchi zinazochimba dhahabu nyingi zaidi barani Afrika, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wametakiwa, chini ya kifungu cha 59 cha Sheria ya Madini, kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe nchini na kuuzwa kwa Benki Kuu ya Tanzania. Tuliuunga mkono uamuzi huo, na tunauunga mkono bado. Nchi inayoweka akiba yake yote katika karatasi za wengine inajitia katika hali ileile ya mfanyakazi wa NPF. Lakini Benki Kuu nayo ni mwekaji akiba, na sheria ya mizani haiwasamehi wakubwa. Bei inapopanda kwa kasi, fungu la dhahabu katika akiba ya nchi huvimba lenyewe, ilhali mafuta ya magari na mbolea ya wakulima hulipiwa kwa dola. Tungependa wananchi waambiwe mapema ni kiasi gani kinakusudiwa, na ni lini kitapunguzwa au kuongezwa.

Kupunguza nako kuna adabu yake. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2002 Uingereza iliuza kiasi cha tani 395, zaidi ya nusu ya dhahabu yake, kwa wastani wa dola 275 kwa wakia. Sababu iliyotolewa ilikuwa hasa hii tunayoizungumza: kusawazisha akiba. Lakini minada ilitangazwa kabla ya wakati, soko likaporomoka kwa kuisubiri, na iliuzwa wakati dhahabu iko chini, si wakati imevimba. Jina la tendo lilikuwa sahihi na tendo lenyewe likaenda kinyume.

Turudi kwa mwalimu wetu. Akiwa kazini hakuwa na la kuamua, kwa kuwa pensheni ya PSSSF huhesabiwa kwa mshahara na miezi ya utumishi, na wala hapandi wala hashuki kwa sababu mfuko umenunua hiki au kile. Mambo yote humwangukia siku moja, siku ya mkupuo. Mjadala wa kikokotoo umechukua nguvu nyingi za nchi: asilimia 25 ya kanuni za mwaka 2018 zilizosimamishwa Desemba ya mwaka huo, asilimia 33 ya Julai 2022, kisha bajeti ya 2024/25 iliyopandisha hadi 40 kwa kundi moja na 35 kwa jingine. Ulikuwa mjadala wa haki na tulishiriki. Lakini tulibishana juu ya ukubwa wa fungu tu, na hatukusema neno juu ya kinachofuata, pale mtu ambaye maisha yake yote amepokea mshahara anapokabidhiwa kwa mara ya kwanza mamilioni na kuachwa barabarani nayo.

Rai yetu ni kwamba mifuko yetu miwili, NSSF na PSSSF, ifungue akaunti ya hiari kwa ajili ya mkupuo, ambamo mstaafu atakayependa aweze kuacha fedha yake katika mafungu machache yanayoeleweka, dhahabu ikiwa fungu moja lenye ukomo, na mfuko umsawazishie mara moja kwa mwaka bila kumngoja aombe. Dhahabu ipo, nayo imekwisha kusafishwa na kupimwa. Mitambo ya kuisafisha ipo Mwanza, Geita na Dodoma. Benki Kuu haishindwi kutenga sehemu ndogo ya ile asilimia 20 iwe ya wananchi wake, kwa vipande vya gramu au kwa hati, na mabenki ya biashara yenye matawi hadi Kyela mjini yawe dirisha lake. Huenda wataalamu wakaona asilimia 10 ni nyingi na kusema tano, hatutagombana nao. Tutagombana na atakayesema jambo hilo ni la watu wa mjini.

Wakati hayo yakingoja, msimu wa kakao utaleta minada, na mwezi Juni utaleta wastaafu wapya. Wenye vipande katika vitambaa wanaijua kalenda hiyo kuliko wengi wetu. Tungeomba maofisa wa Tume ya Madini, pamoja na wa mifuko, wafike Busale kabla yao.